Sare na Kompyuta
Mzazi, juzi kitindamimba wangu alitokwa na machozi baada ya kompyuta kumshinda mara saba mfululizo katika mchezo wa X na O. Nikamtuliza: kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iliucheza tangu 1952, na mashine iliyopangwa vyema haishindwi. Lakini sare yawezekana. Ikianzia kwenye pembe, twaa chumba cha katikati. Ikishika pembe inayoikabili ile ya kwanza, weka alama yako ubavuni. Ukigusa pembe, umejitega. Jioni alipata sare, akaniita, “Baba, njoo tucheze sisi wawili.” Asiyekubali kushindwa si mshindani, na hilo mtoto hujifunza kwa mzazi, si kwa mashine.