Usimkataze msomi wa ng'ambo kuugua

Mwanao amefaulu. Barua imefika kutoka chuo kikuu cha Marekani kwamba ameitwa kusomea shahada ya uzamifu katika hisabati. Harambee ya nauli imefanywa, na siku ya safari matatu nzima imekodiwa kumsindikiza hadi uwanja wa ndege. Kila anayemshika mkono anamwambia neno moja: "Usituangushe."

Neno hilo ndilo linalonitia hofu. Kijana anayeondoka nalo kifuani hatakupigia simu kukwambia kwamba ana wiki tatu hajalala usingizi. Atasema, "Niko sawa tu." Nawe utashukuru Mungu na kumkumbusha karo ya nduguye mdogo.

Hebu tuielewe kazi anayoifanya huko. Mwanafunzi wa kemia akikwama, aghalabu ana maabara na wenzake kandokando. Wa hisabati ana karatasi, kalamu na ubao. Aweza kukaa na swali moja miezi sita, akadhani amelitegua, kisha asubuhi moja akaona kosa dogo na kazi yote ikaporomoka. Hata mabingwa hupatwa na hayo. Mnamo 1993 Andrew Wiles alitangaza mjini Cambridge kuwa amefumbua fumbo la Fermat lililowashinda watu kwa zaidi ya miaka 350. Kosa likagunduliwa, na ilimchukua hadi Septemba 1994 kulirekebisha, akisaidiwa na Richard Taylor. Wiles alikuwa profesa kamili. Mwanao ni mgeni ambaye viza yake imefungamana na masomo yake, na nyumbani hakuna hata mmoja anayeelewa anachokisoma.

Usidhani natia chumvi. Mwaka wa 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha uchunguzi uliowauliza wanafunzi 2,279 katika nchi 26, wengi wao wa uzamifu. Asilimia 41 walionyesha dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati au kikali, na asilimia 39 dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyomwachia mtu nafasi. Walijibu kwa hiari, kwa hivyo huenda hiyo si picha ya wanafunzi wote. Hata hivyo, hao waliojibu si wachache.

Tena si jambo la juzi. Srinivasa Ramanujan, Mhindi mwenye kipawa cha ajabu cha hisabati, aliondoka Madras mwaka wa 1914 akaenda Cambridge. Hakula nyama, na vita vilivyozuka mwaka huo vilifanya chakula alichokizoea kiwe adimu. Usiku alilala juu ya kitanda kilichotandikwa, amejifunika koti na shali, akitetemeka kwa baridi. Ni rafiki yake, Mahalanobis, aliyemwonyesha kwamba mablanketi yalikuwa yamechomekwa chini ya godoro, na kwamba mtu huyafunua akaingia ndani. Mtu aliyewashangaza maprofesa wa Uingereza hakuwa na wa kumuuliza namna ya kulala!

Aliugua mwaka wa 1917, akawa wa kuingia na kutoka hospitalini. Mwaka wa 1918 alijitupa kwenye reli jijini London. Gari moshi likasimama karibu naye. Mwaka uo huo alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa sana ya wanasayansi wa Uingereza. Alirejea India 1919 na kufariki 1920, akiwa na umri wa miaka 32. Heshima haikumwondolea maradhi wala upweke.

Najua wapo watakaosema, "Sisi tulisoma kwa koroboi na njaa, na hatukuugua sonona." Labda. Lakini njaa ile tuliila pamoja, na jirani alijua. Na waliougua tuliwaita wavivu, au tukasema wamerogwa. Hata sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Januari 2025 Mahakama Kuu iliposema kifungu hicho kinakiuka katiba.

Basi mwambie mwanao mambo haya kabla hajapanda ndege.

Kwanza, matibabu ni haki yake. Anayekwenda Uingereza kwa viza ya masomo hulipa pauni 776 kwa kila mwaka ili atibiwe katika hospitali za serikali. Fedha hizo zimekwisha kulipwa; asiogope kumwona daktari. Marekani, vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe na bima, na vina washauri wa wanafunzi. Huko pia, mwenye mawazo ya kujidhuru hupiga nambari 988 saa yoyote.

Pili, ugonjwa haumfukuzi nchini. Kanuni za viza ya wanafunzi Marekani humruhusu mgonjwa kupunguza masomo, au hata kuyasimamisha, hadi jumla ya miezi 12 katika kiwango kimoja cha masomo. Sharti apate barua ya daktari, na ofisi ya wanafunzi wa kigeni imkubalie kabla hajapunguza. Wanaoumia ni wale wanaojificha chumbani wakaacha masomo kimyakimya.

Tatu, mwili nao una madai yake. Nairobi jua huwaka takriban saa 12 kila siku. London mwezi wa Desemba mchana ni kama saa 8, na ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole zaidi. Idara ya afya ya Uingereza huwashauri wenye ngozi nyeusi wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini hiyo kila siku, mwaka mzima.

Nawe mzazi, una zamu yako. Posho ya mwanafunzi hukadiriwa imtoshe mtu mmoja. Ukiigawa kwa jamaa sita, atakayekosa mlo ni yeye. Badala ya "Utamaliza lini?" muulize amekula nini, amelala saa ngapi, na juzi alizungumza na nani ana kwa ana. Akianza kukwepa simu, au akisema amechoka na kila kitu, usimhubirie. Msikilize, kisha umhimize amwone daktari siku hiyo hiyo.

Na hapo uwanjani, wengine wakimwambia asiwaangushe, wewe mvute kando. Mwambie kwamba akiugua aseme, na kwamba akirudi bila shahada, mlango aliotokea ndio atakaoingilia.