Miguu Kwanza, Injini Baadaye

Mtu anayetaka kurusha jeti ya mfano kwa rimoti huanza kwa kuulizia injini: ina nguvu gani, inakula mafuta kiasi gani, inauzwaje. Miguu ya kutulia huikumbuka mwishoni, hela zikiwa zimekwisha, akachukua seti rahisi kuliko zote. Sisi tunasema mpango huo umekaa kichwa chini. Kijana wa Ngagara, hapa Bujumbura, anayejiandaa kuunda jeti yake ya kwanza anunue miguu mizuri kabla ya kitu kingine chochote. Fedha isipotosha, injini ndiyo isubiri.

Sababu ya kwanza ni hewa yetu. Bujumbura iko karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto hufika nyuzi 30. Hewa ya moto ya mwinuko huu ni nyepesi, kwa hiyo bawa linahitaji mwendo mkubwa zaidi ili libebe uzito uleule. Ukilinganisha na siku ya baridi kiasi kwenye pwani ya Ulaya, hapa jeti hiyohiyo itatua na kasi iliyozidi kwa asilimia 7 hivi. Watu husikia 7 wakadharau. Lakini kishindo hakipandi sawa na kasi, hupanda kwa kipeo chake cha pili, na hivyo mzigo unaoangukia miguu huongezeka kwa karibu asilimia 15. Seti ambayo kijitabu chake kinasema inabeba kilo 12, hapa kwetu ihesabiwe kuwa ya kilo 10.

Sababu ya pili ni ardhi. Miguu mingi ya aina hii imekusudiwa lami. Sisi lami hatuna, maana lami ndefu na safi iliyopo ni ya uwanja wa ndege wa Melchior Ndadaye, na hiyo si ya kuchezea. Mrushaji wa hapa atatua kwenye majani au changarawe, penye vishimo na vichuguu. Mguu ulionyooka kama fimbo ukigonga kichuguu hurudisha pigo lote kwenye bawa. Mguu unaofaa ni ule wenye kiungo cha goti, gurudumu likiwa nyuma ya goti na springi katikati: ukigonga kitu, gurudumu linarudi nyuma na kupanda juu, na bawa linasalimika. Magurudumu nayo yawe mapana. Huu ndio mguu tunaoupendekeza, na kwa jeti ya kwanza tunaupendekeza ukiwa haukunjiki kabisa kuingia ndani ya ndege.

Najua wapo watakaokataa, kwa kuwa jeti yenye miguu inayoning'inia angani haipendezi macho. Ni kweli haipendezi, na inapoteza mwendo kidogo. Lakini fikiria jinsi miguu ya kukunjika inavyoharibika. Ile inayoendeshwa kwa upepo ina tangi dogo lililojazwa hadi psi 100 hivi na mipira myembamba inayopita ndani ya bawa. Mpira mmoja ukichomoka, upepo unaisha, na miguu iliyoingia ndani haishuki tena, isipokuwa kama uliinunua ile yenye springi ya kuishusha yenyewe upepo ukiisha. Asiye na springi hiyo asiiguse. Ile ya umeme haina mipira, na mimi naiona bora kidogo, lakini ina ugonjwa wake: kifaa kinachoiendesha hujua mguu umefika mwisho kwa kuona umeme unaovutwa umepanda. Ukitua vibaya leo pini ya mguu ikapinda hata kidogo, kesho mguu utakwama nusu ya safari, umeme utapanda, na kifaa kitazima mota kikidhani kazi imekwisha. Jeti inarudi uwanjani na mguu mmoja umetoka, mwingine uko nusu.

Hata ndege kubwa zenye wahandisi na makaratasi ya ukaguzi hazikwepi kuharibikiwa miguu. Oktoba 2019 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliangusha gurudumu wakati inaruka Lodwar, kaskazini mwa Kenya, ikaenda kutua Eldoret. Februari 2014 huko Zhengzhou, China, mguu wa mbele wa MA60 ulijikunja ndege ikiwa imeshatua. Ni aina ileile ya ndege iliyonunuliwa kwa ajili ya Air Burundi. Majirani zetu wa Rwanda wao wameiepuka miguu kabisa: ndege za Zipline, zinazopeleka damu hospitalini kutoka Muhanga tangu 2016, hurushwa kwa manati ya reli na kurudi kwa kunaswa mkia kwenye kamba. Ni akili kubwa, ila inataka mitambo ambayo mrushaji wa peke yake hawezi kuwa nayo.

Kwa anayeng'ang'ania ya kukunjika, aipime mezani kabla ya kulipa, au siku anayoipokea. Ashike gurudumu na kulitikisa huku mguu umefungwa chini; ukicheza kwenye bawaba, bushi zimekwisha au zilichongwa vibaya tangu kiwandani. Ya upepo aijaze asubuhi na kuisoma geji jioni. Ya umeme aipe betri yake peke yake, mbali na ile inayolisha kipokezi cha rimoti kilicho ndani ya ndege, na aikunje mara nyingi huku akiushikilia mguu kwa mkono uwe mzito, maana angani upepo utaushikilia zaidi.

Kuna kosa lingine ambalo halisababishwi na muuzaji. Mara nyingi mguu wenyewe haukatiki, ila boliti hung'oka na kipande cha plaiwudi kilichoushika. Mbao ngumu, gundi ya epoxi na kitambaa cha nyuzi za kioo kuzunguka kiti cha mguu ni gharama ndogo mno ukilinganisha na injini ya turbini ya dola 2,000 au zaidi iliyolala juu yake.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye vipuri. Fedha za kigeni ni za shida nchini, na pini ndogo iliyoagizwa nje inaweza kuiweka jeti darini miezi. Basi mguu wa kuchagua ni ule unaofunguka wote kwa boliti za kawaida, wenye pini na bushi ambazo fundi wa Buyenzi mwenye mashine ya kukereza anaweza kuziiga. Ule uliogandishwa kiwandani kuwa kipande kimoja, hata ukisifiwa vipi, uacheni dukani.

Kwa wenye mamlaka tuna maombi mawili. Shule ya ufundi ya ETS Kamenge iko jirani kabisa na Ngagara. Iwape wanafunzi kazi ya kuchonga mguu mmoja wenye goti na springi, wajifunze chuma, mizigo na vipimo kwa kitu wanachokipenda. Na AACB, mamlaka ya usafiri wa anga, itenge kipande cha ardhi katika tambarare ya Imbo, mbali na njia ya ndege zinazotua, itangaze masharti yake waziwazi kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mpaka kipande hicho kipatikane, asirushe mtu jeti Ngagara. Nyumba zimebanana, watoto wako barabarani, na uwanja wa ndege hauko mbali.