Treni ya Mezani Haianzi kwa Kununua Seti

Kila nikitaja treni za mezani, komenti ni zile zile. "Hiyo hobi ni ya wazee wa Kizungu." "Pesa ziko wapi?" "We bado mtoto?" Hao nawasamehe. Wanaoniudhi ni wale wa video za "anza hivi", wanaokwambia uagize seti ya boksi kutoka ng'ambo, ulipie usafiri, ulipie ushuru, kisha uketi kitako usubiri.

Mie nasema kwa kijana wa Mji wa Kale huo ni ushauri mbovu. Anza na troli ya Ndia Kuu.

Ndio, troli. Kabla magari hayajajaa kisiwani, watu wenye nafasi zao Mombasa walipanda troli: kibao chenye magurudumu manne, benchi na paa la turubai, kikipita juu ya vyuma vyembamba kutoka huku Mji wa Kale hadi Kilindini. Injini hakuna. Kilisukumwa na watu. Vyuma vyenyewe vilitoka kwenye reli ndogo ambayo kampuni ya Waingereza, IBEA, iliianza mwaka 1890, ikakwama baada ya maili chache tu. Tafuta picha za zamani za Ndia Kuu, enzi hizo Waingereza wakiiita Vasco da Gama Street. Utaziona reli zinapita kati ya nyumba.

Sasa linganisha na hiyo seti yako. Nyingi ni za kipimo cha HO, yaani 1:87. Reli zake zina upana wa milimita 16.5, ambao ni ule wa milimita 1,435 uliopunguzwa. Hiyo ni saizi ya SGR ya Miritini iliyofunguliwa 2017. Reli iliyoanza Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901 ni ya mita moja. Yaani umetoa maelfu, na historia ya kwenu haimo ndani ya boksi. Na ukiagiza ya Marekani, angalia transfoma: ya kule ni ya volti 120, soketi ya kwenu ni 240. Utanusa moshi kabla treni haijamaliza raundi moja.

Troli haitaki umeme. Reli yake ilikuwa na upana wa sentimita 61 hivi. Chukua kipimo cha 1:24, kila sentimita 24 za kweli ziwe sentimita 1 mezani. Reli zako zitaachana milimita 25, na mtu mzima atakuwa na urefu wa sentimita 7. Vyuma ni vijiti vya mishikaki, mataruma ni vijiti vya aiskrimu, kibao na benchi ni kadibodi. Gurudumu ni vifungo viwili vya shati vilivyogandishwa pamoja: kikubwa ndani, kidogo nje. Kidogo kinakanyaga reli, kikubwa kinazuia gurudumu lisitoke. Hivyo ndivyo gurudumu la treni ya kweli linavyokaa njiani. Ekseli ni kijiti cha mshikaki kinachozunguka ndani ya kipande cha mrija wa soda.

Kuna atakayesema kadibodi si modeli. Modeli ni kipimo, bana. Ukipima sawasawa ni modeli. Usipopima, hata iwe ya maelfu ni kitu cha kuchezea tu. Troli yako ikishaenda moja kwa moja bila kuanguka, hapo weka akiba ya mota ukitaka. Utakuwa unajua unachonunua.

Lakini shida yangu kubwa haiko kwenye pesa. Lamu bado kuna wanaochonga majahazi madogo, na mtoto akiyaona anajua babu zake walisafiri na nini. Troli nani anaichonga? Tunapita Ndia Kuu kila siku na wengi wetu hatujui palikuwa na reli.

Na ukiitengeneza, usiache watu nje. Modeli nyingi za reli za kikoloni zina injini inayong'aa na stesheni safi, waliofanya kazi hawaonekani. Reli ya Uganda ilijengwa na vibarua wapatao 32,000 kutoka India, na takriban 2,500 walikufa. Huku kisiwani, bwana aliketi kivulini chini ya turubai na wenzetu wakasukuma juani. Troli bila wasukumaji ni uongo, maana haikwenda yenyewe hata hatua moja.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "nunua", kata watu wa sentimita 7, waweke nyuma ya kibao, mikono yao ikisukuma. Halafu piga picha unitumie. Wazee wa Kizungu hawatatufanyia hiyo kazi, na hakuna boksi linalokuja nayo.