Huruma Yataka Zamu

Wengi wetu humwomba Mungu atuzidishie mapendo, kisha tukiisha kusema Amina twangoja, kana kwamba mapendo hushuka kama umande juu ya mtu aliyelala.

Sikieni jambo lililotokea Ufaransa mwaka 1617. Padri Vincent de Paul alikuwa paroko wa mji mdogo wa Châtillon. Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, alipokuwa akivaa mavazi ya Misa, aliletewa habari ya nyumba iliyo mbali kidogo na mji: jamaa wote wagonjwa, hata hapana mmoja awezaye kumhudumia mwenziwe. Akawaambia Wakristo katika mahubiri. Alasiri, akienda mwenyewe kuwatazama, akakuta njia imejaa watu, hawa wakienda, hawa wakirudi, na wengine wameketi kando kupumzika kwa ajili ya joto. Vyakula vilikuwa tele.

Padri akafurahi, lakini akaona kasoro. Vyakula vile vyote haviliki kwa siku moja. Vitaoza, na baada ya siku chache wagonjwa watakuwa na njaa kama kwanza. Basi akawakusanya wanawake wa mji, wakapatana kwenda kwa zamu, kila mmoja siku yake, na mwaka ule ule wakapata kanuni yao. Ndani yake limo neno dogo nilipendalo kuliko mengine: agawaye chakula aanze na mgonjwa mwenye mtu wa kumwangalia, amalizie kwa yule aliye peke yake, apate kukaa naye zaidi. Neno kama hili halitungwi na mtu asiyepata kuketi karibu na kitanda cha mgonjwa.

Je, na sala? Vincent, mtu wa kuamka saa kumi alfajiri ili asali, aliwafundisha masista aliowakusanya mwaka 1633 pamoja na Louise de Marillac, ya kuwa akija maskini mwenye haja wakati wa sala, waende bila wasiwasi, maana Mungu waliyemwacha kanisani watamkuta kwa yule maskini. Lakini mvivu asilishike neno hili kuwa ruhusa! Asiyesali kamwe hana sala ya kuacha.

Sisi nasi, katika matanga tu hodari sana. Unga huletwa, kuni huletwa, nyumba hujaa watu. Siku ya kumi, ni nani amletee maji yule bibi kizee aliyefiwa? Ninyi walimu mwazijua nyumba za namna hiyo, kwa kuwa watoto husema yote shuleni. Ninyi akina mama, mkitoka kanisani Jumapili, nyumba nne au tano zipatane: Jumatatu nani, Jumatano nani, na watoto wa nani wachote maji. Tena mtakaofika kwake jioni, msiondoke upesi.