Zima Hiyo Simu

Ndege dume anapoimba alfajiri hatutumbuizi sisi. Anaweka mpaka. Anawaambia madume wenzake kwamba hapa pana mwenyewe, na anamwambia jike kwamba mwenyewe huyo yu hai na ana nguvu. Sasa wewe unaingia kichakani, unafungua programu kwenye simu na kuupiga wimbo uleule kwa spika. Yeye hajui habari za spika. Anachosikia ni mvamizi ndani ya kwake. Anaacha kula, anaacha kulisha makinda, anatoka hadi tawi la wazi kumtafuta adui asiyekuwepo. Kipanga akiwa karibu, naye anamwona. Wewe unapiga picha, unaiweka mtandaoni, unahesabu waliopenda.

Huo si ufundi. Ni utapeli, na anayetapeliwa ni chozi wa bustanini asiyefika hata gramu 10.

Utetezi wa kwanza ninaousikia ni kwamba ni dakika moja tu. Nenda basi Arabuko-Sokoke, msitu wa Kilifi wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1966, na ambaye ukimkosa hapo utamtafuta kwenye misitu ya chini ya Usambara Mashariki, Tanzania. Kila mgeni anamtaka huyohuyo. Dakika yako inaungana na ya aliyekuja jana na ya atakayekuja kesho. Wewe umepita mara moja. Bundi anazipokea zote, na hana pa kuhamia.

Utetezi wa pili: mbona watafiti nao hupiga sauti? Ni kweli, bundi huhesabiwa hivyo. Lakini mtafiti hupiga kwa kipimo, akaandika alichosikia, akaondoka, na hesabu yake husaidia kuulinda msitu. Picha yako ya kumi ya ndege yuleyule inamlinda nani?

Utetezi wa tatu ndio mzito: picha huwafanya watu wawapende ndege. Nakubali. Wengi wetu vijana tumeanzia kwenye picha. Lakini mwanafunzi akiipenda picha yako, swali lake la kwanza ni umeipataje. Ukimjibu kwamba ulimpigia ndege sauti mpaka akajitokeza, au ulikata matawi yaliyofunika kiota ili upate mwanga, umemfundisha kazi hiyo. Na kiota ulichokivua nguo hakionwi na kamera peke yake. Jua linakiona, na kunguru pia.

Tusimtupie mwongozaji mzigo wote. Yeye anatafuta riziki, na mara nyingi ni mteja aliyelipa anayesema "piga tena kidogo". Basi mteja huyo awe wa kwanza kusema, kabla hawajaingia msituni: leo hatupigi sauti, na tusipomwona ndege, malipo yako ni yaleyale. Sentensi hiyo moja itamwondolea hofu ya kukosa bakshishi.

Subira ndiyo kazi yenyewe. Weka beseni la maji kivulini nyuma ya nyumba, ukae mbali, uone shore anakuja saa ngapi na nani humfukuza. Jua mti upi umechanua, maana chozi hufuata maua. Tazama mnana akisuka kiota kwa mdomo, na jike akija kukikagua. Hapo utapata picha ya ndege anayeishi maisha yake, badala ya picha ya ndege aliyeshtuka. Na ukiona kiota, usitangaze kilipo.

Kuna siku utarudi mikono mitupu. Sawa. Umerudi bila picha, naye amebaki kwake, na makinda wameshiba.