Haki ya Rufaa Imeelezwa

Katika kumbukumbu za mashauri ya jinai ya mahakama zetu, chini kabisa, baada ya adhabu kuandikwa, hufuata maneno ambayo kila mwanasheria anayajua: haki ya rufaa imeelezwa kikamilifu. Hakimu hutia saini na jalada hufungwa. Nadai kwamba maneno hayo, kwa namna yanavyotumika leo, ni uongo wa kiofisi. Hakimu anaweza kuwa mwadilifu kabisa. Ila anamweleza mtu ambaye dakika hiyo hasikii kitu.

Tutazame bonde la Kilombero. Upande mmoja ipo Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, upande wa pili mapori yanayoelekea Selous ya zamani, na katikati wapo wakulima wa mpunga na miwa. Kijana akikutwa na nyara za serikali, hata kama ni vipande vya nyama, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inamsubiri na kifungo kisichopungua miaka 20. Anasimama kizimbani Ifakara, mara nyingi bila wakili. Anasikia neno "ishirini". Yanayosemwa baada ya hapo ni kelele tu. Jioni karandinga linashika barabara ya kuelekea Kidatu na kumshusha Kiberege, gereza la kilimo.

Saa imeshaanza kuhesabu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe. Siku za kungojea nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri hazihesabiwi katika hizo 45. Aliyehukumiwa na Mahakama ya Mwanzo ana hesabu nyingine: siku 30, tena kwenda Mahakama ya Wilaya. Na mfungwa halazimiki kutafuta mtu wa kumpelekea karatasi mjini. Akimkabidhi mkuu wa gereza, huyo ana wajibu wa kuifikisha mahakamani. Haya si siri. Yamo katika sheria tangu zamani. Lakini nani amemweleza mkulima huyu kwa lugha yake, akiwa ametulia, na kumwandikia pembeni? Atayajua kwa nyapara au kwa mfungwa mkongwe ambaye wenzake humwita wakili, na huyo huenda alijifunza kwa kuikosa rufaa yake mwenyewe.

Soma maombi ya kuongezewa muda wa rufaa. Hoja ni ileile: mwombaji ni mtu wa kawaida, yuko gerezani, anategemea uongozi wa gereza kwa kila kitu. Mahakama zinatumia muda mwingi kuamua kama kuchelewa huko kuna sababu ya msingi, ilhali karatasi moja siku ya hukumu ingezuia mengi ya mashauri hayo.

Huku nyumbani ujinga huohuo una bei. Mama anauza robo ya shamba la mpunga ili kumlipa kishoka anayeapa kwamba "anafahamiana na watu" na atamtoa mwanawe kabla ya masika. Hajui kuwa Sheria ya Magereza ya 1967 tayari inampa mfungwa mwenye bidii na tabia njema punguzo la theluthi moja, hata kifungo cha miaka 3 kikawa miaka 2, bila kumhonga mtu. Hajui kuwa mwingine, aliyestahili kifungo kisichozidi miaka 3, angeweza kuombewa huduma kwa jamii chini ya sheria ya 2002. Kishoka anauza alichokwisha kutoa Bunge.

Marekani maarifa haya yamekuwa biashara. Tajiri anayekwenda gereza la shirikisho hukodi mshauri wa kumwandaa: nini asaini, aombe kupelekwa wapi, aishi vipi mwezi wa kwanza. Silitamani soko hilo hapa. Lakini linakiri jambo ambalo mawakili wetu wengi wanalikwepa, kwamba kazi ya utetezi haiishi hakimu anapoinuka. Malawi, nchi isiyotuzidi utajiri, iliwaingiza wasaidizi wa kisheria magerezani mwaka 2000, wakafundisha dhamana na rufaa kwa michezo ya kuigiza. Uganda, Susan Kigula aliyehukumiwa kifo mwaka 2002 alisoma sheria akiwa Luzira. Shauri lililobeba jina lake ndilo lililoifanya Mahakama ya Juu, mwaka 2009, kuitengua adhabu ya kifo ya lazima.

Najua jibu la mtaani: gereza si hoteli, asiyelitaka asitende kosa. Sawa. Ila hakimu alimhukumu kupoteza uhuru; hakumhukumu kutojua. Na miongoni mwao wamo wasiotenda kosa, ambao njia pekee ya kuwapambanua ni hiyo rufaa tunayoiacha ipotee.

Wala watumishi wa serikali wasinijibu kwamba sheria hazijatungwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria na kuwakumbuka walio vizuizini. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Nelson Mandela mwaka 2015 zinataka mfungwa, mara aingiapo, apewe maelezo ya haki na wajibu wake kwa maandishi, na asiyejua kusoma aelezwe kwa mdomo.

Basi kila mahakama itoe karatasi moja ya Kiswahili pamoja na hati ya kifungo. Isiandikwe "ndani ya siku kumi". Iandikwe tarehe yenyewe, jina la mahakama ya rufaa, na kwamba karatasi hukabidhiwa kwa mkuu wa gereza. Nakala moja ibaki kwa ndugu. Siku ya tatu, akili ikiwa imerudi, asomewe tena gerezani na saini yake ichukuliwe hapo. Na vitivyo vya sheria, changu kikiwamo, viache kuwapanga wanafunzi wote wa mafunzo kwa vitendo katika ofisi za Dar es Salaam na Dodoma. Wawili watatu wapelekwe Ifakara, wafike Kiberege ndani ya hizo siku 10.