Amplifaya Ndogo Yataka Spika ya Namna Gani?

Mkulima mwenye ng'ombe wawili dhaifu hawafungi kwenye jembe la kuvutwa na ng'ombe wanane. Hutafuta jembe jepesi, na shamba lake likalimika. Lakini mkulima huyo huyo akipata fedha za kununua mashine ya santuri, mara nyingi husahau hekima hiyo. Hununua amplifaya ya vali yenye wati chache, kisha huiunganisha na spika yo yote iliyompendeza macho. Sauti ikitoka nyonge na yenye mikwaruzo, huilaumu amplifaya na kuiuza kwa hasara. Kumbe kosa lilikuwa katika spika.

Vali ni kile kichupa cha kioo chenye uzi unaowaka ndani yake. Kabla ya transista kuenea katika miaka ya 1960, amplifaya za majumbani zilitumia vali, na hata leo wako wapenzi wa muziki wanaozitaka kwa utamu wa sauti yake. Vali iitwayo 2A3, iliyotolewa na kampuni ya RCA ya Marekani katika mwaka 1933, ikifanya kazi peke yake hutoa kiasi cha wati 3 na nusu tu. Vali ya 300B ya kampuni ya Western Electric hutoa kiasi cha wati 8. Nguvu hizo ni haba, lakini zaweza kutosha ikiwa spika haili umeme mwingi.

Yapasa msomaji ajue kwamba spika hupoteza karibu umeme wote inaopewa. Spika nyingi za nyumbani hugeuza chini ya sehemu 1 katika kila sehemu 100 za umeme kuwa sauti. Zilizobaki huishia kuwa joto katika koili yake. Ndiyo sababu spika mbili zaweza kupewa umeme sawasawa, moja ikanong'ona na nyingine ikasikika hata kwa jirani.

Tofauti hiyo hupimwa kwa desibeli. Spika hupewa wati 1, na sauti yake hupimwa kwa umbali wa mita 1. Kupata desibeli 3 zaidi kwahitaji umeme mara mbili. Kupata desibeli 10 zaidi kwahitaji umeme mara kumi. Basi zikiwapo spika mbili, moja ya desibeli 86 na nyingine ya desibeli 96, ile ya pili ikipewa wati 3 na nusu hutoa sauti ambayo ile ya kwanza haiwezi kuifikia pasipo wati 35. Mtu aliyechagua spika vema amejipatia amplifaya kubwa bila kuinunua.

Hata hivyo, hakuna faida isiyo na gharama. Katika mwaka 1946 Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mjini Hope, katika jimbo la Arkansas, Marekani. Spika yake kubwa ina umbo la tarumbeta lililokunjwa ndani ya sanduku, nayo huwekwa pembeni mwa chumba ili kuta mbili ziendeleze tarumbeta hiyo. Kipimo chake hupita desibeli 100, lakini sanduku ni kubwa kama kabati. Katika mwaka 1954 Edgar Villchur, naye Mmarekani, alishika njia nyingine. Kampuni yake ya Acoustic Research ilitoa sanduku dogo lililozibwa kabisa, lenye sauti nzito za chini za kustaajabisha. Lakini lilitaka wati nyingi. Kwa hiyo mtu hawezi kupata yote matatu, yaani sanduku dogo, sauti nzito, na ulaji mdogo wa umeme. Hana budi kuacha moja. Muuzaji anayeahidi yote hayo kwa pamoja asisadikiwe upesi.

Tena nambari za karatasini zaweza kudanganya. Watengenezaji wengine hupima kwa volti 2.83 badala ya wati 1. Kwa spika ya omu 8 ni mamoja, lakini kwa spika ya omu 4 volti hizo ni wati 2, na kipimo huonekana kimezidi desibeli 3 bure. Kadhalika, ziko spika zilizoandikwa omu 8 ambazo hushuka hata omu 3 katika baadhi ya sauti. Hizo huilemea amplifaya ya vali, ijapokuwa desibeli zake ni nzuri.

Basi mwenye wati 3 au 4 na atafute spika ya desibeli 95 au zaidi. Mwenye wati 8 au 10, na chumba kidogo, aweza kuridhika na desibeli 92. Tena auangalie mvumo: spika sikivu huutangaza mvumo wa amplifaya yenyewe, ambao spika nzito huuficha. Kabla ya kutoa fedha, aombe kuisikiliza pamoja na amplifaya yake mwenyewe na santuri anayoijua vema. Fedha ikiwa haba, itangulie kwenye spika. Amplifaya ndogo yenye mwenzi anayeifaa haitamwaibisha mwenyewe mbele ya wageni.